Kula Si Lazima

Kwa miaka tisa nilikuwa na hadithi moja ya kujisifia. Kompyuta iliimaliza kabla sijakaa sawa kwenye kiti.

Hadithi yenyewe ni hii. Mashindano ya wikiendi, Dar es Salaam, kwenye ukumbi wenye mapangaboi yanayotoa kelele nyingi kuliko upepo. Nilikuwa na vyeupe. Mpinzani wangu, mhasibu mmoja mpole aliyenizidi umri na uzoefu, alikuwa ameshamficha mfalme wake pembeni, na mbele ya mfalme askari watatu hawajasogea. Nikamtoa askofu. Alikula askari wa h7 kwa cheki, mfalme akamla yeye, farasi wangu akaruka g5 kwa cheki ya pili, mfalme akarudi g8, malkia wangu akatua h5. Kila mchezaji wa klabu anaijua njia hii. Ina umri wa karne kadhaa na bado inaua watu kila Jumamosi. Mhasibu akainama, akafikiri dakika kumi na kitu, kisha akaisogeza ngome yake e8 ili mfalme apate pa kukimbilia. Nami nikamfuata kwenye njia hiyohiyo aliyoifungua: malkia f7, h5, h7, h8, na mwisho g7. Chekimeti. Waliosimama nyuma yangu walipiga makofi, jambo ambalo kwenye chesi ni utovu wa adabu, na sikumbuki kama kuna utovu wa adabu mwingine ulionifurahisha kiasi kile.

Miaka ikapita. Nikaanza kufundisha watoto, nikanunua laptop ya mtumba Kariakoo, nikaweka Stockfish, injini ya chesi ambayo haiuzwi; mtu yeyote anaichukua bure. Mchezo wa kwanza kuingiza ulikuwa ule. Nilitaka tu kupigiwa makofi tena.

Kwenye ile hatua ya ngome, injini ilipendekeza kitu kingine: malkia mweusi ateremke kutoka d8 hadi d3. Basi. Safu ya d ilikuwa wazi, na aliyeifungua ni mimi mwenyewe. Askari wangu wa c alikuwa ameshapanda c3, hana uwezo wa kumgusa. Kutoka d3 malkia yule anaiona h7 kwa mshazari, mlango unafungwa, na mimi nimebaki nimetoa askofu mzima kwa askari mmoja. Namba pembeni ya ubao ilisoma mbili na nusu chini ya sifuri. Kwa lugha ya wachezaji: umeshindwa, unasubiri kuzikwa.

Nilizima laptop nikaenda kulala. Sikulala.

Nadhani kilichoniuma si kukosea. Nimekosea kwenye chesi mara nyingi kuliko nilivyokula wali. Kilichoniuma ni kwamba nilipoirudia ile jioni kichwani, niligundua sikuwahi kuitazama d3 hata kidogo. Nilitazama nini kitatokea akila, na akishakula akimbilie wapi. Kwamba baada ya kula anaweza kutulia na kuzuia, au kwamba angeweza kukataa kabisa aina nyingine ya zawadi siku nyingine, havikuwa kichwani mwangu. Na nikajua vilitolewa na nani.

Mimi mchezo sikuuanzia kwenye chesi. Nilianzia kwenye drafti, Magomeni, kwa fundi viatu aliyekuwa na ubao wa mbao uliochorwa kwa rangi ya kiatu, na kete za vizibo vya soda: hizi zimelala kifudifudi, zile zimelala chali. Pale kijiweni sheria ilikuwa moja isiyojadiliwa: kula ni lazima. Ukiwekewa kete mbele yako, unaila, hata kama unaona kabisa kwamba ukishaila atakula zako tatu na kuingia kingi. Fundi alikuwa akitoa kete kwa kuisukuma na kidole kimoja, huku mkono mwingine umeshika sindano na uzi, macho yako kwenye soli. "Kula, kijana, usiogope riziki." Nami nakula, nalia. Alipenda kusema mtego bila chambo haunasi, na kwa drafti yuko sahihi kabisa: ukijua kuhesabu, mpinzani ni abiria tu, anakwenda unakompeleka.

Chesi niliingia nikiwa na mkono wa drafti. Nikawa natoa farasi, natoa maaskofu, natoa ngome, na watu wanakula kwa sababu binadamu akiona cha bure mkono unatangulia. Nikapata jina la mshambuliaji. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikujiambia, kwamba kwenye ubao huu mwenye kupewa ana haki ya kusema hapana.

Rudolf Spielmann, Mwaustria aliyekuwa bingwa wa mashambulizi, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili mwaka 1935. Alitenganisha utoaji wa bandia na utoaji wa kweli. Ule wa bandia unaweza kuuhesabu mpaka mwisho: unatoa leo, unarudishiwa kesho na riba. Ule wa kweli haurudishwi kwa hesabu. Unatoa mali upate muda, upate mfalme aliye uchi, kisha unaomba Mungu. Kwa Kiswahili naona tuna maneno mazuri kuliko hayo yake. La kwanza ni chambo. La pili ni kafara. Sadaka silitumii kwenye chesi, kwa sababu sijawahi kukutana na mchezaji anayetoa bila kutaka kitu.

Baada ya usiku ule nikaamua kuipeleka injini kwa wakubwa. Kama na wao wamekosea, nitapata faraja. Nikachagua mchezo ninaowasimulia watoto kila muhula: Garry Kasparov dhidi ya Veselin Topalov, Wijk aan Zee, mji mdogo wa pwani huko Uholanzi, tarehe 20 Januari 1999.

Kasparov alikuwa na vyeupe. Kwenye hatua ya 24 mfalme wa Topalov yuko a7, mbele kidogo ya mahali ambapo mfalme mwenye akili timamu hukaa, na farasi mweupe amemkalia jirani pale a5. Katikati ya ubao, d4, kuna askari mweusi analindwa na mwenzake wa c5. Kasparov anachukua ngome yake na kumla huyo wa d4. Ngome nzima kwa askari mmoja. Topalov akala.

Kilichofuata ndicho kilichoufanya mchezo huu ujulikane dunia nzima. Ngome ya pili nayo ikaingia e7 kwa cheki, nayo ni ya kutolewa: malkia mweusi akiila, malkia mweupe anatua d4 kwa cheki, mfalme anarudi b8, kisha malkia b6, farasi c6, malkia a7, kwisha. Kwa hiyo mfalme hakuwa na namna, akapanda b6. Malkia mweupe akaja d4. Mfalme akamla farasi wa a5. Askari wa b akamsukuma hadi a4. Na kuanzia hapo mfalme wa Topalov alisafiri kama mtu aliyeshushwa kwenye basi usiku katika mji asioujua: a3, b4, c3, d2, d1. Mfalme mweusi, na malkia na ngome bado ziko ubaoni, amesimama kwenye mstari wa mwisho wa vyeupe. Hapo Kasparov, kwenye hatua ya 36, akamrudisha askofu wake kutoka h3 hadi f1, kimyakimya, mahali ambapo malkia mweusi angeweza kumla. Akimla, malkia mweupe anaingia c2, mfalme anakwenda e1, ngome inakuja e7, na hakuna wa kumwokoa. Hatua ile ninapowaonyesha watoto, hata wasiojua vizuri farasi anarukaje huguna. Topalov alisalimu amri baada ya hatua ya 44.

Sasa injini. Niliirudisha kwenye hatua ya 24, ngome imekwishakula d4, zamu ya Topalov. Nikaiambia inionyeshe majibu matatu bora badala ya moja. Feni ya laptop ikaanza kulia. Jibu la kwanza lilikuwa mfalme kwenda b6.

Asile ngome. Amsogeze tu mfalme nyumba moja, amtishie yule farasi wa a5. Kwa jibu hilo namba inakaa jirani na sifuri: hakuna mwenye faida ya kutangaza. Kwa jibu la kula ngome, namba inaruka juu upande wa Kasparov na haishuki tena. Shambulizi ambalo dunia inalisimulia mpaka leo lilihitaji mtu ale, na kula hakukuwa lazima.

Nilicheka peke yangu saa saba usiku. Bingwa wa dunia na mimi, wote tumemkuta mtu aliyekula.

Lakini sikuishia hapo, na ninamshauri kila anayefungua injini asiishie hapo. Nilipoifuata zaidi, ilinionyesha kwamba Kasparov naye, baada ya kuliwa ngome yake, hakupita njia fupi. Kwenye hatua ya 28 alimpeleka malkia c3 akitishia chekimeti pale b3. Topalov akazuia kwa malkia wake d5, anayeitazama b3 kwa mbali. Hatua kali zaidi ilikuwa ngome kwenda a7 papo hapo. Wachambuzi waliliona hilo miaka hiyohiyo na mashine hazijawapinga. Maana yake ni kwamba lile shambulizi lilikuwa bovu kuliko tulivyodhani kwenye hatua moja, na zuri kuliko tulivyodhani kwenye hatua nyingine. Injini inakupokonya na kukupa kwenye mchezo uleule. Wengi wetu tunakimbia baada ya kupokonywa.

Na kuna jambo la kuchekesha ambalo siwezi kuliacha. Miezi ishirini kabla ya siku ile, tarehe 11 Mei 1997, Kasparov huyohuyo alishindwa na Deep Blue ya kampuni ya IBM kwenye mchezo wa sita na wa mwisho, kwa hatua 19 tu. Kilichomvunja kilikuwa farasi aliyetolewa e6. Mashine ndiyo iliyotoa! Watu wakashangaa mashine imejifunza lini ukarimu. Haikujifunza. Hatua ile ilikuwa kwenye kitabu chake cha ufunguzi. Binadamu ndio walioiwekea.

Niseme kidogo kuhusu ile namba, maana inapotosha vijana wengi. Zamani ilikuwa rahisi kueleza: moja maana yake una faida ya thamani ya askari mmoja. Tangu toleo la 15.1 la Stockfish, lililotoka mwishoni mwa 2022, moja imepewa maana nyingine: uwezekano wa kushinda wa asilimia 50. Lakini kushinda kwa nani? Ni injini ikicheza na injini mwenzake. Namba ile inawazungumzia wachezaji wawili wasiotetemeka, wasiotazama saa, wasiokunywa chai, na wanaopitia malaki ya misimamo kwa sekunde hata kwenye laptop mbovu kama yangu. Mhasibu wangu hayumo kwenye hesabu hiyo. Mimi pia simo.

Miezi ya kwanza sikuelewa hivyo. Niliichukua namba kama hukumu ya kadhi, nikawa bahili. Nikawa sitoi hata askari. Kila nilipoona nafasi ya kutoa, nilisikia sauti inasema d3, d3. Nikaanza kushindwa na watu niliozoea kuwashinda, tena kwa unyonge, hatua 60 na 70, nikifa polepole kama betri. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, siku hizi unaumwa?"

Kilichonitoa huko ni kuangalia mchezo mwingine, wa sita kati ya Mikhail Tal na Mikhail Botvinnik, Moscow, 1960. Tal, kijana wa miaka 23, ana vyeusi, anatupa farasi f4 kwa hatua ya 21. Ukumbi ukalipuka kwa minong'ono mpaka wachezaji wakahamishiwa chumba cha nyuma. Injini yangu haikuupenda utoaji ule, na hata bila injini wachambuzi wa zama zile walikuja kuonyesha kwamba kwenye hatua ya 25 Botvinnik angemtumia askofu kumla askari wa f3 na kushika hali. Badala yake alimla malkia kwa ngome, akaishia kwenye mwisho mbaya, akashindwa. Botvinnik hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa mhandisi wa umeme, na baadaye alitumia miaka mingi ya maisha yake kutengeneza programu ya kucheza chesi. Mtu wa hesabu kuliko wote, amekaa mbele ya kosa, saa inamlia, na jibu lipo, na hakulipata.

Hapo ndipo nilipobadilisha namna ya kuitumia mashine. Siiulizi tena kama utoaji ni sahihi. Nauliza: aliyepewa, ana milango mingapi ya kutokea, na mlango ulio wazi unafananaje? Milango ikiwa mitano, nimejidanganya, nirudi shule. Ukiwa mmoja, na ni ule wa kula, kama drafti, basi hiki ni chambo tu na sihitaji ushujaa. Ukiwa mmoja na ni hatua ya kimya, kumsogeza mfalme mbele wakati ngome ya bure iko mezani, hapo ninajua nimeshika kitu. Si sahihi. Ni kigumu.

Darasani nina utaratibu mmoja ambao watoto hawaupendi. Laptop haifunguliwi mpaka daftari lijae. Mtoto anaandika kwa mkono alichoona: akila, nitafanya hivi, asipokula, nitafanya vile. Mstari wa pili ndio mgumu. Mwanzoni wengi walikuwa wanauacha mtupu, na wengine wanaandika "atakula tu," jambo ambalo si uchambuzi, ni dua. Baada ya hapo ndipo injini inafunguliwa, na tunaweka alama nyekundu mahali pa kwanza ambapo daftari na mashine vimeachana. Kwingine kote hatushughuliki nako. Makosa ya mtoto huanzia pale, yaliyobaki ni ukoo wake.

Siku moja niliwawekea ule msimamo wa Wijk aan Zee bila kusema ni wa nani. Ngome imekula d4, zamu ya vyeusi. Wavulana wanaoshinda vijiweni walikula ngome kabla sijamaliza kupanga kete. Wawili walipigania nani aiondoe ubaoni. Binti mmoja wa darasa la sita, ambaye nyumbani kwao drafti hairuhusiwi kwa sababu baba anaiona ni mchezo wa wasio na kazi, alikaa ameshika shavu muda mrefu. Kisha akamsogeza mfalme b6. Nikamuuliza kwa nini. Akasema farasi yule anamkera, anataka kumfukuza. Ngome hakuitaja. Nikamwambia ampelekee salamu baba yake.

Mwaka jana, baada ya kusitasita sana, nilimpigia simu yule mhasibu. Amestaafu, anaishi Kibaha, anafuga kuku. Baada ya shikamoo na habari za kuku nikamwambia ukweli: mzee wangu, ule mchezo wa miaka ile, ulikuwa umeshinda. Malkia d3.

Alikaa kimya kidogo. Nikasikia jogoo upande wa pili.

"D3 niliiona, mwanangu," akasema. "Niliiona mapema sana. Zile dakika kumi zote nilikuwa naitazama hiyohiyo."

"Sasa mbona hukuicheza?"

"Wewe ulikuwa umeshaanza kutabasamu. Nikasema huyu kijana hawezi kutabasamu hivi bila kuwa na jibu."

Sikuwa na jibu. Hata leo, nikiipa injini usiku kucha, upande wangu hauna jibu. Tumekubaliana nimfuate Kibaha mwezi ujao, niende na ubao. Amesema vyeupe nichukue mimi tena, na kwamba safari hii hatanitazama usoni.